Mkono wa abhaya: Wahindu wanavyouelewa ujasiri

Ukiingia duka la vitambaa au la vipuri la Mhindu hapa Mombasa, inua macho juu ya kaunta. Aghalabu utaona kalenda yenye picha ya mmoja wa miungu yao, na mbele yake kijiti cha udi kinafuka. Wengi wetu tumeziona picha hizo tangu tulipokuwa tukitumwa dukani, tukazoea kuzipita bila ya kuzitazama. Hata hivyo kuna kitu ambacho jicho hukinasa tu: mkono wa kulia umeinuliwa, kiganja kimemwelekea mtazamaji, vidole vimenyooka juu. Watoto hudhani ni askari wa barabarani anayesimamisha matatu. Mzee mmoja wa Kigujarati alinieleza maana yake huku akinipimia kitambaa: "Hapana, ndugu yangu. Hapo anasema usiogope."

Ishara hiyo ina jina, nalo ni abhaya. Katika Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya kale, bhaya ni hofu, na ile "a" ya mwanzo huikanusha. Abhaya basi ni kutokuwa na hofu.

Kabla hatujaendelea tuwekane sawa kwa maneno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mkristo au vyovyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wetu walimwita Baniani, jina lililotokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara. Tumeishi naye karne nyingi katika pwani hii, tukamtungia hadi methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Lakini muulize mtu wa baraza Baniani anaamini nini, atakutajia ng'ombe, kuchoma maiti, basi. Sisi Waislamu msimamo wetu juu ya masanamu unajulikana, sina haja ya kuurudia. Kumjua jirani ni jambo jingine.

Sasa, abhaya si ushujaa kama tuujuavyo. Kiswahili kina shujaa, jasiri, jabari, na maneno yote hayo yananuka vita kidogo. Tena tunao msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, yaani mwoga hurudi kwao mzima wakacheka pamoja, na shujaa hurudishwa akiwa maiti. Wahindu nao wana neno lao la ushujaa wa vitani, shaurya. Kitabu chao mashuhuri, Bhagavad Gita, chenye sura 18, kinaitaja shaurya kuwa sifa ya tabaka la wapiganaji. Abhaya kinaitaja mahali pengine kabisa, katika sura ya 16, kwenye orodha ya sifa njema ambazo mtu yeyote anaweza kuwa nazo. Tena kinaianza orodha kwayo, kabla ya ukweli, kabla ya kutoa sadaka, kabla ya kutodhuru viumbe.

Gita yenyewe inaanza na mtu anayetetemeka. Arjuna, mpiga mishale hodari kupita wote, anasimama katikati ya majeshi mawili na kuona kwamba walio upande wa pili ni babu yake, mwalimu wake, binamu zake. Kinywa kinamkauka, upinde unamteleza mkononi, anaketi chini ndani ya gari lake la vita na kusema hapigani. Mwendeshaji wa gari hilo ni Krishna, ambaye kwa Wahindu ni mungu katika umbo la binadamu, na kitabu kizima ni mazungumzo ya wawili hao. Wamebishana sana wenyewe kwa wenyewe juu ya alichokiogopa Arjuna. Kufa hakumtishi, amezoea vita. Anaogopa kuua, na anaogopa kuishi baada ya kuua. Wako wanaosema huruma yake ni ya kweli, na wako wanaosema ni woga uliovaa kanzu ya huruma. Mimi naona ubishi huo ndio uzuri wa kisa, kwa sababu ni nani kati yetu hajawahi kuuita woga wake busara?

Hofu inatoka wapi? Katika kimoja cha vitabu vyao vya kale sana, Brihadaranyaka Upanishad, mna kisa kifupi. Mwanzoni alikuwako mmoja peke yake. Akatazama huku na huku, akaogopa, kama mtu yeyote aogopavyo akiwa peke yake. Kisha akajiuliza: ikiwa hakuna mwingine ila mimi, namwogopa nani? Hofu ikamtoka. Fundisho wanalolipata hapo ni kwamba hofu huzaliwa pale unapomwona wa pili, mtu au kitu kilicho mbali nawe, kinachoweza kukunyang'anya ulicho nacho. Ukitambua kwamba nafsi iliyo ndani yako na iliyo ndani ya mwenzako asili yake ni moja, hakuna wa kumwogopa tena. Hapo sisi na wao njia zinaachana, kwani kwetu Muumba ni Muumba na kiumbe ni kiumbe, na muumini huondokewa na hofu ya watu kwa kumcha Mola wake peke yake. Lakini utaona sote tunautafuta mzizi wa hofu mahali pamoja, ndani ya nafsi ya mwenye kuogopa.

Lililonivutia zaidi ni hili: kwa Wahindu abhaya ina pande mbili. Upande mmoja ni kutoogopa, na wa pili ni kutoogopwa. Mtu anapoiaga dunia yake na kuwa mtawa, akiacha nyumba, mali na jamaa, jambo mojawapo analolitamka ni ahadi kwa viumbe vyote kwamba hakuna kitakachopata hofu kwa sababu yake. Wanaiita zawadi ya kutoogopa, na wanaihesabu miongoni mwa sadaka kubwa. Fikiria: sadaka isiyo unga wala sukari, ni kumfanya mwenzako alale usingizi. Kijana mwenye panga anayetisha mtaa mzima huko Kisauni anaitwa jasiri na wenzake. Kwa kipimo hiki hana hata chembe ya ujasiri, maana anayeogopwa na watu wote hana budi naye kuwaogopa wote.

Wana kisa cha mfalme Shibi kinachosimuliwa watoto. Njiwa anayefukuzwa na mwewe alimwangukia mfalme mapajani akaomba hifadhi, naye akampa. Mwewe akafika, akadai haki yake: hicho ni chakula changu, nami nina njaa, utamwokoa mmoja kwa kumuua mwingine? Hoja hiyo ina uzito, na mfalme hakuipuuza. Alileta mizani, njiwa akawekwa upande mmoja, naye akajikata nyama ya mwili wake na kuiweka upande wa pili. Kila akiongeza, njiwa anazidi kuwa mzito, hata mfalme akapanda mizani mwenyewe mzima mzima. Mwishowe ikadhihirika kuwa ndege wale walikuwa miungu waliokuja kumjaribu. Yaani aliyekwisha kumwambia mtu "usiogope, uko kwangu" hana ruhusa ya kuirudisha kauli hiyo kwa vile gharama imepanda.

Katika maisha ya kila siku mambo haya hayasomwi vitabuni tu. Jumanne na Jumamosi Wahindu wengi husoma beti 40 za kumsifu Hanuman, yule mwenye umbo la nyani, na husomwa hasa na mtu mwenye hofu: mgonjwa anayengojea operesheni, mwanafunzi wa mtihani, mama ambaye mwanawe yuko safarini. Hanuman katika hadithi zao ana nguvu za ajabu, ila tangu utotoni alisahaulishwa kwamba anazo. Majeshi yalipofika ufukweni na kukata tamaa ya kuivuka bahari kwenda Lanka, mzee mmoja wao ndiye aliyemkumbusha yeye ni nani, akaruka. Kisha kuna Navaratri, masiku tisa ambayo Wagujarati hucheza garba kwa duara hadi usiku mwingi, wakimtukuza Durga, mungu wa kike apandaye simba, aliyemuua jitu lenye umbo la nyati lililowashinda miungu wa kiume. Ukipita karibu na kumbi zao masiku hayo utasikia ngoma hiyo.

Lakini mtu aliyeitoa abhaya vitabuni akaipeleka barabarani ni Mohandas Gandhi, na hapa pwani yetu ina sehemu yake. Aprili 1893, akiwa wakili wa miaka 23, aliondoka Bombay kwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya kampuni ya tajiri Mwislamu, Dada Abdulla. Baada ya siku kama 13 meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Kijana akashuka kutazama mji, akaenda posta, akafurahi kuwakuta makarani wa Kihindi, akajisahau. Aliporudi mkondo ulikuwa na nguvu, mashua imejaa watu, haishikiki kwenye ngazi ya meli, na king'ora kimeshalia. Mtu akamkodia mashua nyingine kwa rupia 10. Alipofika ngazi ilikwisha kupandishwa, ikabidi avutwe kwa kamba. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Watu wa Lamu wanaoujua mkondo ule watamwelewa. Kutoka hapo alipitia Mombasa na Unguja.

Kijana huyo alikuwa mwoga, naye hakulificha hilo. Utotoni aliogopa wezi, majini na nyoka, hakuweza kulala bila ya taa, na mkewe Kasturba alimshinda kwa ujasiri. Mlezi wao wa nyumbani, Rambha, ndiye aliyemfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu inapomshika. Hata alipokuwa wakili, kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, akakaa chini na kurudisha malipo. Hakuzaliwa simba. Alijifunza, polepole, kama mtu ajifunzavyo kuogelea.

Johannesburg, tarehe 11 Septemba 1906, Wahindi walikutana kupinga sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole. Aliyependekeza waape mbele ya Mungu kutoitii alikuwa Mwislamu, Haji Habib, na Gandhi akawaeleza uzito wa kiapo hicho: kifungo, kipigo, pengine kifo. Mwaka 1917, huko Champaran kaskazini mwa India, wakulima walilazimishwa kulima nili katika sehemu ya mashamba yao kwa faida ya wenye mashamba makubwa wa Kizungu. Serikali ilimwamuru Gandhi aondoke wilaya hiyo. Hakuondoka, na mahakamani, yeye aliyeshindwa kumhoji shahidi mmoja, alikiri kuwa ameikaidi amri na kuomba adhabu yake. Nje umati wa wakulima waliozoea kumkimbia karani wa shamba ulikuwa umekusanyika. Kesi ikafutwa. Mwaka 1930, akiwa gereza la Yeravda, aliwaandikia wafuasi wake kwamba abhaya imetangulia katika ile orodha ya Gita kwa sababu, bila ya hiyo, sifa nyingine hazioti: mwoga hawezi kusema kweli wala kupenda. Na hofu moja aliiacha ibaki, ya maadui walio ndani ya mtu mwenyewe, kama hasira na tamaa.

Tusidanganyane kwamba Wahindu wote wameisoma hivyo. Bal Gangadhar Tilak, aliyefungwa Mandalay kuanzia 1908 hadi 1914, aliandika sherehe kubwa ya Gita humo gerezani, naye aliiona kuwa ni wito wa kutenda, si wa kuvumilia tu. Na leo Waislamu wa India wanajua vizuri kwamba jina lile la Rama, ambalo Rambha alimpa mtoto ili asiogope, kuna makundi yanayolipiga kelele mitaani ili wengine waogope. Inauma. Lakini sisi wa Kenya hatuna mdomo mrefu hapo, kwa maana tunakumbuka ni jina la nani lilitajwa na waliowaua watu 148 Garissa mwaka 2015.

Januari 1948 Gandhi alifunga kula mjini Delhi kwa siku tano. Miongoni mwa masharti yake ni Waislamu warudishiwe misikiti iliyotekwa, na kaburi la Khwaja Qutbuddin huko Mehrauli lizuriwe bila hofu kama zamani. Tarehe 20 bomu lililipuka karibu na mahali pake pa sala. Polisi wakataka kuwapekua wanaohudhuria, akakataa: hawezi kuwaita watu waje kusali kisha awapapase kama wezi. Tarehe 27 alikwenda Mehrauli mwenyewe. Tarehe 30 Nathuram Godse, Mhindu mwenzake aliyeona anawapendelea Waislamu, alimpiga risasi 3 akielekea kwenye sala. Watoto wake wawili, Manilal na Ramdas, waliiomba serikali isimnyonge muuaji wa baba yao. Serikali ilikataa, na Godse akanyongwa katika gereza la Ambala tarehe 15 Novemba 1949.