Msokoto wa Mtutu na Urefu wa Risasi: Uteuzi katika Bunduki za Kipenyo Kidogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna msokoto wa mtutu unavyoteuliwa katika bunduki za kipenyo cha milimita 5.56. Kwa kufuata historia ya bunduki ya Marekani ya M16, tunaonyesha kwamba kinachoamua msokoto ni urefu wa risasi na densiti ya hewa, wala si uzito wa risasi peke yake. Jambo hili lina athari kwa nchi ambazo majaribio ya silaha hufanyika nyanda za juu ilhali silaha zenyewe hutumika hadi pwani.

1.0 Utangulizi

Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, mfano wa kamba iliyosokotwa. Risasi ipitapo humo hulazimika kujizungusha. Kwa msokoto tunakusudia urefu wa mtutu ambamo risasi hukamilisha mzunguko mmoja: msokoto wa inchi 7 ni mkali, wa inchi 14 ni mlegevu. Katika makala haya, neno risasi linahusu kile kipande kirukacho tu, bila ganda wala baruti.

Risasi ndefu yenye ncha haipendi kuruka ikitanguliza ncha. Msukumo wa hewa huielemea mbele ya kitovu cha uzito wake na kutaka kuipindua. Kinachoizuia isipinduke ni kule kuzunguka, kama pia ya watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka kwa kasi ya kutosha. Wataalamu hupima uwiano wa nguvu hizi mbili kwa kigezo cha uthabiti. Kikiwa chini ya 1, risasi hupinduka. Wabunifu wengi hutaka kifike 1.5 hivi ili pawepo akiba. Kigezo hiki hupungua hewa inapokuwa nzito, na huongezeka kwa kipeo cha pili cha ukali wa msokoto.

2.0 Kanuni ya Greenhill

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hisabati kwa maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni fupi ambayo mafundi wanaitumia hadi leo: zidisha kipenyo cha risasi kwa chenyewe, zidisha tena kwa 150 (au 180 kwa risasi ziendazo kasi sana), kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Jibu ni msokoto. Uzito haumo kabisa katika hesabu hiyo. Kanuni huchukulia tu kwamba risasi ina densiti inayokaribia ile ya madini ya risasi yenyewe.

Tuijaribu. Risasi ya 5.56 ina kipenyo halisi cha milimita 5.69. Ile ya kwanza ya M16, yaani M193, ina urefu wa takriban milimita 19. Kwa kutumia 180 tunapata msokoto wa milimita 307, sawa na inchi 12.

3.0 Kutoka inchi 14 hadi 12

Hata hivyo, bunduki ya AR-15, mzazi wa M16, ilianza na inchi 14. Katika hewa ya kawaida ilifaa, ingawa kwa akiba ndogo. Tatizo lilijitokeza kwenye baridi. Katika nyuzi 54 za Selsiasi chini ya sifuri, hewa ya usawa wa bahari huwa nzito kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo katika nyuzi 15, na kigezo cha uthabiti hushuka kwa kadiri hiyo. Mwaka 1963 msokoto ulibadilishwa kuwa inchi 12. Hesabu inaeleza kwa nini hatua hiyo ilitosha: kutoka 14 hadi 12 kigezo hupanda kwa takriban asilimia 36, yaani zaidi kidogo ya kile kilichochukuliwa na baridi.

Wapo waliolalamika baadaye kwamba badiliko hilo liliipunguzia risasi makali yake mwilini. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwili ni mzito kuliko hewa mara mia nane na zaidi, na hakuna msokoto wa bunduki uwezao kuidhibiti risasi humo.

4.0 Risasi iliyoamua msokoto

Mwaka 1980 NATO ilichagua risasi ya SS109 kutoka Ubelgiji, ambayo Wamarekani waliiita M855. Ina kipande cha chuma mbele ya kiini cha madini ya risasi, hivyo ni ndefu zaidi: takriban milimita 23. Kanuni inatoa inchi 10, na kwa kuwa chuma ni chepesi, inchi 9 ni salama zaidi. Basi kwa nini M16A2 ilipewa inchi 7?

Jibu limo katika risasi nyingine, M856, ile iachayo mwale ili mpigaji aone njia yake. Nafasi ya kemikali za kuwaka imeirefusha hadi milimita 29 hivi. Uzito wake ni gramu 4.1, ilhali M855 ina gramu 4.0. Anayesoma safu ya uzito pekee ataziona risasi hizi kuwa mapacha, lakini kanuni inaidai M856 msokoto usiozidi inchi 7.9, na wepesi wa kemikali zake unadai ukali zaidi. Risasi ya mwale, ambayo hutumika kwa uchache, ndiyo iliyoamua mtutu wa kila askari.

Gharama yake ipo. Kwa inchi 7 risasi huzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa sekunde. Kasoro ndogo katika ulinganifu wa risasi hukuzwa, na risasi nyepesi za uwindaji zenye ngozi nyembamba zinaweza kupasuka hewani. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: M855 ikipigwa kwa mtutu wa inchi 12 hupinduka na kutoboa shabaha kiubavu. Mwongozo wa jeshi la Marekani uliruhusu mchanganyiko huo kwa dharura tu, na kwa shabaha zisizozidi mita 90.

5.0 Suala la mahali pa majaribio

Katika ukanda wetu baridi kali si hoja. Hoja ni mwinuko. Jijini Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, na kigezo cha uthabiti hupanda kwa kadiri ya asilimia 18. Mtutu wenye kigezo cha 1.1 nyanda za juu hushuka chini ya 1 pwani. Majaribio ya mapokezi yakifanyika bara pekee, kasoro hiyo itafichika kabisa, na cheti kitatolewa kwa nia njema.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza zabuni ya bunduki itaje urefu wa kila risasi itakayotumika, ya mwale ikiwemo, na jaribio la ulengaji lifanyike usawa wa bahari, alfajiri, hewa ikiwa nzito. Ghala lenye mitutu ya vizazi viwili linahitaji pia alama ya msokoto kwenye kila sanduku la risasi, kwa kuwa ganda la M193 na la M855 huingia katika chemba ileile bila kizuizi chochote.