Jina la Pili Chini ya Picha ya Gharika

Maji yamefunika kila kitu isipokuwa jabali moja. Juu yake amekaa chui milia, mwanawe mdomoni. Ubavuni pake wapo watoto wa binadamu, na kutoka majini mikono ya wazazi wanaozama inawasukuma wapande. Mwanzo, sura ya 7, inasema kwamba viumbe vyote vya nchi kavu vilikufa, watu na wanyama. Chui huyo hatajwi. Aliyemweka pale ni Mfaransa Gustave Doré, na kwangu mimi mahubiri mengi ya gharika hayajafika pale alipofika mnyama yule, anayehangaika kama anavyohangaika mama aliye majini.

Picha hiyo ni ya Biblia kubwa ya majuzuu mawili iliyotolewa mwaka 1866 na Alfred Mame, mchapishaji wa mji wa Tours. Doré, mzaliwa wa Strasbourg mwaka 1832, aliichorea picha zaidi ya 200. Kampuni ya Cassell ya London ikaitoa kwa Kiingereza, na nchi nyingine zikafuata. Leo kurasa zake zinauzwa mojamoja kama mapambo ya ukutani: Musa na mbao za mawe, Danieli kati ya simba, Yona akitapikwa na nyangumi, ingawa Biblia yenyewe inasema samaki mkubwa.

Muuzaji huandika jina moja tu, Doré. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu picha hizi zilichongwa kwenye ubao kabla ya kuchapwa, na Doré hakuzichonga.

Yeye alichora kwa brashi na wino juu ya ubao, kisha akamwachia fundi. Ubao ulitoka kwenye mti mgumu unaokua polepole, gogo likikatwa kwa upana ili nyuzi zisiupotoshe mkono. Shina la mti huo ni jembamba, hivyo vipande kadhaa viliunganishwa kupata picha moja kubwa. Aliyewahi kusimama karibu na fundi wa milango wa Zanzibar au Lamu anaujua msingi wa kazi: unachimba kisichotakiwa, kinachobaki juu ndicho nakshi. Kwenye ubao wa Doré, palipochimbwa pakatoka peupe, palipobaki pakashika wino.

Lakini wino uliopakwa kwa brashi hauna mistari. Una vivuli tu. Wingu jeusi, povu la wimbi, ngozi iliyolowa: fundi ndiye aliyeamua kila kimoja kiwe mistari ya namna gani, minene au myembamba, iliyonyooka au iliyopinda. Tazama chini ya picha. Kwa kawaida upande mmoja pana jina la Doré, na upande wa pili jina la mchongaji, kama Pisan au Pannemaker. Hao walifanya kazi ambayo macho yetu huiona kwanza.

Wapo wafanyabiashara wanaonunua Biblia nzima, wakaikata na kuuza kurasa zake. Kitabu kilichokwisha kuliwa na mchwa kikikatwa, nitaelewa. Kukata kizima ni uharibifu, na faida haiutakasi.

Ukitaka kununua, chukua lenzi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine ya baadaye. Mchongo halisi una mistari safi ya wino. Picha hizi zilichapwa kwa wino mweusi, hivyo rangi yoyote iliongezwa baadaye. Na usikubali kuambiwa kwamba ni adimu sana. Biblia hii ilichapwa mara nyingi, katika lugha kadhaa.

Ukimpelekea fundi wa fremu picha yako, mwombe asiyafunike majina yale mawili kwa kadi ya pembeni. Yaache yote yaonekane.