Uimara wa Vishikizo vya Trei Angavu kwenye Enameli Yenye Florosisi: Maelezo kwa Mazingira ya Makole, Dodoma

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayepangwa meno kwa trei angavu haoni waya wala breketi kinywani mwake. Anachopewa ni mfululizo wa trei nyembamba za plastiki, ambazo kila moja huusogeza mpango wa meno kwa takribani robo ya milimita. Huzivaa kwa saa 20 hadi 22 kila siku na kuzivua anapokula na anapopiga mswaki. Njia hii ilipata umaarufu kupitia kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Kwa muda sasa imewafikia wagonjwa wa Tanzania pia, hasa watu wazima ambao hawataki waya zionekane wakiwa kazini.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya tiba hii hayalizungumzi sana. Trei peke yake hulishika vibaya jino la mviringo. Plastiki inapojaribu kulizungusha chonge au gego dogo la chini, huteleza juu yake. Ndiyo maana daktari hujenga juu ya jino nundu ndogo ya kompoziti, yenye rangi ya jino na umbo lililokokotolewa, ili trei ipate pahali pa kukamata. Katika makala haya nundu hiyo inaitwa kishikizo. Hoja inayojengwa ni kwamba kudumu kwa kishikizo hutegemea zaidi hali ya enameli na ukavu wa dakika chache za kugandisha kuliko aina ya gundi. Kwa wagonjwa wa Makole, enameli hiyo mara nyingi ina historia ambayo vipimo vya maabara za nje havikuizingatia.

2.0 Mzigo Unaobebwa na Kishikizo

Breketi hugandishwa na kuachwa. Kishikizo huishi maisha tofauti. Trei ikivuliwa mara nne au tano kwa siku, kingo za mfuko wake hukikwaruza na kukivuta kila mara. Kwa mgonjwa anayebadilisha trei kila baada ya wiki mbili, kishikizo kilekile huvutwa mara zaidi ya hamsini na trei moja tu, kisha huja trei mpya ngumu ambayo bado haijalainika. Mvuto huo hauji kwa mwelekeo mmoja, kwani mgonjwa huanza kubandua upande mmoja, kwa kawaida nyuma ndani ya gego, na nguvu hukusanyika kwenye ukingo wa kishikizo kilicho karibu. Hiyo ni nguvu ya kumenya, nayo huishinda gundi kwa urahisi kuliko nguvu ya kusukuma.

Wakati wa kula, kishikizo hubaki wazi. Trei iko kwenye kasha lake, na nundu ya kompoziti inakutana moja kwa moja na mahindi ya kuchoma, miwa au mfupa wa mbuzi. Ushauri wa kuepuka vitu vigumu, ambao wagonjwa wa waya huusikia tangu siku ya kwanza, mara nyingi haurudiwi kwa mgonjwa wa trei kwa kuwa anadhaniwa kuwa huru kula chochote.

Kishikizo kikidondoka, hakuna maumivu. Mgonjwa huvaa trei kama kawaida, na mfuko mtupu hauonekani kirahisi kwenye kioo. Hata hivyo jino limeacha kufuata mpango. Trei inayofuata imetengenezwa kwa kudhani jino limeshazunguka, na ile ya tatu vilevile. Trei mbili za wiki mbilimbili zikipita, jino limebaki nyuma kwa takribani nusu milimita na mwanya umejitokeza kati ya ncha ya jino na plastiki. Hapo mara nyingi hulazimu kuchukua alama za meno upya na kuagiza trei nyingine. Kwa mgonjwa ambaye bingwa wake wa kupanga meno yuko Dar es Salaam, nundu yenye upana wa milimita chache humgharimu nauli, siku za kazi na miezi ya tiba.

3.0 Enameli, Asidi na Floridi

Ugandishaji wa kisasa umejengwa juu ya ugunduzi wa Buonocore (1955), aliyeonesha kwamba enameli iliyopakwa asidi ya fosfori hushikwa na resini kwa nguvu zaidi. Asidi huyeyusha fuwele za uso wa enameli bila usawa na kuacha vinyweleo vidogo sana. Resini ya majimaji huingia humo, huimarishwa kwa mwanga wa bluu, na kubaki imejifunga kama mizizi ndani ya mwamba. Leo hutumika asidi ya asilimia 37 hivi kwa sekunde 15 hadi 30. Utaratibu huo ulipatikana kwa majaribio yaliyofanywa, kwa sehemu kubwa, kwenye enameli ya kawaida.

Enameli yenye florosisi si enameli ya kawaida. Mtoto anapokunywa floridi nyingi wakati jino lake linajengwa ndani ya taya, tabaka la chini ya uso hubaki na vitundu na upungufu wa madini, ilhali ganda la juu kabisa huwa na madini mengi na floridi nyingi. Ganda hilo huipinga asidi. Sekunde 15 zinazotosha kwa jino la kawaida huenda zikaacha uso wenye vinyweleo vichache. Kinyume chake, florosisi ikiwa kali ganda la juu humeguka baada ya jino kuota, na daktari hujikuta akigandisha juu ya tabaka dhaifu la chini. Asidi hufanya kazi hapo, lakini mizizi ya resini imeshika udongo laini.

Hivyo neno "florosisi" peke yake halimsaidii mtafiti. Kipimo cha Thylstrup na Fejerskov (1978), chenye daraja 0 hadi 9, kinafaa zaidi kwa sababu kilipangwa kuendana na mabadiliko ya ndani ya enameli. Daraja 1 na 2 ni mistari myembamba myeupe, na daraja 5 ndipo mashimo huanza kuonekana. Tafiti za maabara kuhusu nguvu ya ugandishaji kwenye meno yenye florosisi zimetoa majibu yanayopingana. Kwa maoni ya mwandishi, sehemu kubwa ya mgongano huo hutokana na kuchanganya daraja hizi katika kundi moja na kutumia muda tofauti wa asidi. Jino la daraja 2 na jino la daraja 6 hushindwa kwa sababu zinazokinzana: la kwanza linaikataa asidi, la pili linaikubali kupita kiasi.

4.0 Kwa Nini Makole

Makole ni kata iliyo katikati ya Jiji la Dodoma. Mtu anaweza kudhani kwamba swali la floridi hapa hujibiwa kwa kupima maji ya bomba, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya bonde la Makutupora. Dhana hiyo si sahihi. Taji za meno ya mbele ya kudumu hukamilika mtoto akiwa na umri wa miaka minne au mitano hivi, na za magego ya pili akiwa na miaka saba au minane. Enameli haijengwi tena baada ya hapo. Kinachoonekana kwenye jino la mtu mzima ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa utotoni, popote alipokulia.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watumishi liliwasili baada ya mwaka 2016. Waliokuja ni watu wa kila mkoa, wakiwemo wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako miamba ya volkano au ya granaiti hutia floridi nyingi kwenye maji ya ardhini. Kijiji cha Maji ya Chai wilayani Arumeru kinajulikana kwa florosisi kwa miongo mingi, na kituo cha Ngurdoto kilicho jirani kimekuwa kikitafiti uchujaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa. Mtumishi aliyekulia huko na sasa anaishi Makole ameileta enameli ya Arumeru kinywani mwake.

Sera nayo ina nafasi katika jambo hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo mbadala vijijini, iliwahi kuvumilia miligramu 8 na baadaye 4, kabla ya kiwango cha kitaifa kushushwa hadi 1.5. Watu wazima wanaoomba trei angavu leo walijenga meno yao chini ya viwango vile vya zamani.

Wala maji si chanzo pekee. Magadi yanayotumika kulainisha maharage, makande na mboga kama mlenda yanaweza kubeba floridi nyingi. Mabelya na wenzake (1992) waliichunguza florosisi nchini pamoja na mwinuko wa mahali na vyakula, na magadi yakajitokeza kuwa jambo lisiloweza kupuuzwa hata maji yanapokuwa na floridi kidogo. Kwa hiyo mgonjwa aliyezaliwa na kukulia Dodoma naye anapaswa kukaguliwa meno yake, si kuulizwa bomba lake.

5.0 Ukavu na Mkono wa Daktari

Hewa kavu ya Dodoma haisaidii kitu ndani ya kinywa. Enameli iliyokwisha kupakwa asidi ikiguswa na mate, utando wa protini huziba vinyweleo mara moja, na dawa yake ni kuoshwa na kurudia asidi. Hatari ni kubwa zaidi kwenye magego, ambako shavu na ulimi hurudi kila mkono unapolegea.

Kishikizo hujengwa kwa kiolezo, yaani trei nyembamba yenye mifuko inayojazwa kompoziti. Ikijazwa kidogo, hubaki tundu la hewa ndani ya nundu. Ikijazwa kupita kiasi, kompoziti hufurika pembeni na trei hukalia ukingo huo badala ya jino. Kiolezo kikibanduliwa kwa pupa kutoka upande wa shavu, gundi ambayo haijafikia nguvu yake huvutwa kabla kazi haijaanza. Vishikizo vingi vinavyodondoka mapema hutokana na makosa ya namna hii, na ni vigumu kuvitenga na vile vilivyoangushwa na enameli usipoandika siku ya kudondoka.

Kwa jino lenye daraja za kati, daktari anaweza kulisugua kwa unga wa pamisi, kuondoa ganda la juu kidogo sana, na kurefusha muda wa asidi hadi uso uonekane mweupe kama chokaa baada ya kukaushwa. Weupe huo ni ishara muhimu kuliko saa, ingawa kwenye jino ambalo tayari ni jeupe kwa florosisi hata ishara hiyo hudanganya.

6.0 Namna ya Kupima

Tasnifu nyingi za ugandishaji huripoti nguvu kwa megapaskali na kurejelea Reynolds (1975), aliyependekeza megapaskali 6 hadi 8 kuwa zinatosha kwa mahitaji ya kliniki. Kiwango hicho kilitokana na breketi. Kishikizo kinachomenywa mara tano kwa siku hakipaswi kupimwa kwa msukumo mmoja wa mashine kwenye jino lililong'olewa.

Kipimo kinachofaa ni muda. Kila kishikizo kiandikiwe tarehe ya kugandishwa, tarehe ya kudondoka, jino, daraja la florosisi na namba ya trei iliyokuwa ikivaliwa, kisha data zichanganuliwe kwa mbinu ya Kaplan na Meier (1958), inayowahesabu pia wagonjwa waliotoka kwenye utafiti kabla ya mwisho. Aidha, vishikizo vya kinywa kimoja si sampuli huru. Wagonjwa 10 wenye vishikizo 12 kila mmoja hawampi mtafiti ushahidi wa vishikizo 120, kwa kuwa mgonjwa mmoja mpenda miwa anaweza kuangusha vitano peke yake. Mtahini anayekutana na jaribio la khi-mraba juu ya data kama hizo ana haki ya kulikataa.

Florosisi yenyewe inatoa nafuu ya kimuundo. Kwa kawaida hulipata jino la kulia na mwenzake wa kushoto kwa kiwango kinachofanana, hivyo mbinu mbili za kuandaa enameli zinaweza kulinganishwa ndani ya kinywa kimoja, upande kwa upande, mradi upande uchaguliwe kwa kura. Watu wengi hutafunia upande mmoja zaidi.

7.0 Siku ya Kuondoa

Kishikizo si kitu cha kudumu. Tiba ikiisha kinapaswa kuondoka na kuacha jino lilivyokuwa. Faharasa ya Årtun na Bergland (1984), inayoonesha kiasi cha resini kilichobaki juu ya jino, hapa hugeuka kuwa kipimo cha usalama. Resini ikibaki yote juu ya enameli, mpasuko umetokea mbali na jino, na kilichobaki huondolewa taratibu kwa kekee ya kabidi. Resini isipobaki hata kidogo kwenye jino la daraja 5 au zaidi, huenda imeondoka na kipande cha enameli.

Kwa sababu hiyo, kwenye meno hayo haifai kutafuta ugandishaji wenye nguvu kubwa iwezekanavyo. Nundu ndogo yenye kingo za mteremko, au mpango unaoweka kishikizo kwenye jino jirani lenye enameli nzima, unaweza kuwa uamuzi bora hata kama kompyuta imependekeza vingine. Kishikizo cha namna hiyo kikisagwa kwa kekee badala ya kung'olewa kwa koleo, mashimo ya zamani hayaongezeki. Mgonjwa aelezwe haya, akioneshwa meno yake mwenyewe kwenye kioo, kabla hajatia saini fomu ya ridhaa na kabla trei hazijaagizwa.