Kompyuta Kuukuu na Kadi Yake ya Grafiki

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo yawafaa sana wenye kompyuta kuukuu. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta Kasese na Bwera. Kila juma hupita njia ya Kikorongo na bisibisi zangu mfukoni. Neno nisikialo kuliko yote ni hili: "Fundi, mashine yangu imechoka, nitafutie kadi mpya ya grafiki." Nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini mara nyingi kadi ile ya zamani si ya kutupwa, na fedha zitumike wapi kwanza.

Yafaa tujue kadi hii ni kitu gani. Ndani ya kompyuta mna prosesa, ambayo hufanya hesabu. Mna RAM, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi. Na mna diski, ambayo ni kama ghala. Kadi ya grafiki ni mchoraji. Kazi yake ni kuchora picha zote zionekanazo katika skrini, na kusaidia katika michezo na filamu. Lakini mchoraji huyu hawezi kuchora kitu asicholetewa.

Nitatoa mfano wa kwetu. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe iliyopelekwa kuyeyushwa Jinja. Kama shaba ilichelewa kutoka mgodini, garimoshi lilifanyaje? Lilingoja tu, hata injini yake iwe na nguvu namna gani. Kununua injini kubwa zaidi kusingeharakisha kitu. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: huenda kwa mwendo wa kiungo chake kilicho kizito kuliko vyote. Basi, kabla ya kununua kitu, kitafute kiungo hicho.

Mwaka 2024 mama mmoja wa Bwera mwenye duka la picha aliniita. Watu wa Mpondwe na wa Kasindi ng'ambo ya mpaka hupiga picha kwake, naye huwatengenezea wenyeji filamu za harusi. Kompyuta yake ilikuwa nzito mno, na alikuwa ameambiwa dawa ni kadi mpya. Akaniambia, "Mwanangu, fedha nilizo nazo ni karo ya kijana wangu. Nikinunua kadi, harudi shuleni muhula huu. Nisiponunua, wateja watanikimbia."

Nikamjibu, "Mama, kwanza tuiulize mashine yenyewe."

Kuiuliza si kazi ngumu, na kila mwanafunzi aweza kuijaribu katika Windows. Bonyeza vidole vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Utafunguka ukurasa uonyeshao kila kiungo kinafanya kazi kiasi gani. Nikamwomba mama afanye kazi yake ya kila siku huku tukitazama. Diski ilikuwa imefika asilimia 100, haina pumzi. RAM ilikuwa gigabaiti 4 tu, nayo imejaa. Kadi, aina ya NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka 2016, ilikuwa karibu imelala. Mchoraji alikuwa anangoja kuletewa kazi!

Basi tulifanya mambo manne. Kwanza, tulinakili picha na filamu zake zote katika diski ya nje, maana mashine hununuliwa tena, lakini harusi ya mtu hairudiwi. Pili, tuliondoa diski ya zamani tukatia SSD. Diski ya zamani ina sahani izungukayo, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono unaotafuta habari huku na huku. SSD haina kitu kizungukacho. Hata ikifungwa kwa waya wa SATA, yaweza kusoma megabaiti 500 hivi kwa sekunde, ambapo ile ya zamani husoma 100 au 200.

Tatu, tuliongeza RAM mpaka gigabaiti 16. Hapa pana jambo la kuangalia: RAM ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine. Andika aina yako katika daftari kabla hujapanda gari kwenda Kasese. Nne, tulizima umeme, tukachomoa waya, tukasafisha vumbi katika feni na katika kadi. Joto la bondeni kwetu ni kali, na kompyuta ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue.

Gharama ya yote hayo haikufika bei ya kadi aliyotajiwa. Kijana alirudi shuleni, na ile kadi ingali inachora.

Je, mtu akitaka kubadili prosesa na ubao wake mkuu, kadi itafaa? Swali hili ni la lazima siku hizi, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hazikubali prosesa nyingi za zamani. Kwa Intel Core, kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 au zaidi. Jibu ni kwamba yafaa. Nafasi ya kadi, iitwayo PCI Express, imetengenezwa hata kadi ya zamani iingie katika ubao mpya. Ila chunguza mambo mawili. Kadi kama GTX 1050 Ti hutumia wati 75 hivi, nao ubao huweza kuzitoa. Kadi kubwa huhitaji waya wake kutoka pawasaplai. Tena, sanduku jembamba la ofisini halipokei kadi ndefu wala pana.

Sisemi kadi haibadilishwi kamwe. Ikiwa ukurasa ule waonyesha kadi ndiyo iliyofika asilimia 100 na wengine wamepumzika, au kazi yako ni michezo mipya mizito, hapo inunue bila majuto. Jua pia kwamba NVIDIA wametangaza kuwa kadi za umri wa GTX 1050 Ti zitapata marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Una wakati wa kuweka akiba.

Wanafunzi wa zamani wenzangu, mkitaka kuisaidia shule kwa kompyuta, msikimbilie kutuma mashine mpya moja. Waulizeni kwanza wanafunzi wapime zile zilizopo, waandike katika daftari kila mashine imekwama wapi. Nanyi wanafunzi, anzeni leo: vidole vitatu, daftari na kalamu. Huenda fedha za mashine moja mpya zikaamsha kadhaa zilizolala.