Maranta haiombi maji

Mwezi wa nne, yaya wangu alipohamia Kolwezi kwa ajili ya kazi, aliniachia chungu kimoja cha maua. Ndani yake mlikuwa na maranta: mmea mfupi, mashina yanayotambaa, majani ya umbo la yai yenye mabaka meusimeusi pande mbili za mshipa wa kati, kana kwamba mtu aliyashika kwa vidole vyenye makala. Mama yetu aliupanda Kisangani. Baada ya msiba yaya alikata tawi moja, akalifunga kwa kitambaa chenye maji, akasafiri nalo hadi Lubumbashi. Ule wa Kisangani haupo tena. Yaya hakunipa masharti mengi. Aliniambia tu: "Mdogo wangu, usiuue."

Jioni ya kwanza niliona majani yote yamesimama na kukaribiana, kama viganja viwili. Mwenzangu wa chumba, anayesoma Kifaransa, alilifahamu jina lake: plante qui prie. Tukatafsiri palepale, "mmea unaoomba". Unaomba nini? Maji, bila shaka. Nikaupa kikombe kizima. Kesho yake jioni ukaomba tena, nami nikaupa tena. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, nikijiona mtunzaji mwema, hadi majani ya chini yakageuka manjano na chungu kikaanza kutoa harufu ya dimbwi.

Kosa langu la kwanza, basi, lilikuwa la tafsiri, na kwa mwanafunzi wa isimu hilo ni jambo la aibu kidogo. Kuomba kwa Kiswahili kuna maana mbili: kusema na Mungu, na kutaka kitu kwa mtu. Kitenzi cha Kifaransa prier nacho kinabeba zote mbili. Kama tungesema "mmea unaosali", huenda nisingekimbilia kikombe. Lakini hata kusali ni macho yetu tu. Kiswahili kina jina jingine la mmea unaokunja majani, ule wa kando ya njia unaonywea ukiguswa: kifauwongo, yaani wenye kufa kwa uwongo. Mmoja tumeuita mwongo, mwingine tumeuita mcha Mungu, na yote miwili haitusemeshi sisi.

Kinachotokea hasa ni hiki. Tazama mahali kikonyo kinapokutana na bapa la jani. Pana sehemu fupi iliyovimba, nyororo, kama kiungo cha kidole. Ndani ya kiungo hicho kuna seli zinazoweza kujaa maji na kupungua. Jioni, chembe za potasiamu hutoka katika seli za upande mmoja, maji huzifuata, na seli hizo hunywea. Za upande wa pili hujaa. Jani huinuka. Asubuhi mambo hugeuka na jani hulala tena likikinga mwanga. Mzunguko huu unaongozwa na saa ya ndani ya mmea yenyewe, ambayo mwanga huirekebisha kila siku. Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alilionyesha jambo hilo mwaka 1729 kwa mmea wa jamii ya kifauwongo: aliuweka gizani, nao ukaendelea kufungua na kufunga majani kwa saa zake. Charles Darwin naye, katika kitabu chake cha mwaka 1880 kuhusu mwendo wa mimea, aliiweka maranta miongoni mwa mimea inayolala. Kwa nini ilale, wataalamu bado wanabishana. Lakini kiu si sababu, kwa maana mmea wenye kiu kali hauna maji ya kutosha ya kuchezesha kiungo hicho.

Nilipompigia yaya simu kumwambia kwamba mmea unakufa, hakuuliza rangi ya majani wala harufu.

"Usiku unasimamisha majani au hapana?"

"Unasimamisha, yaya. Lakini si yote."

"Basi bado upo. Uache maji. Uutoe ndani ya chungu uangalie mizizi."

Mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini kama mchicha uliopikwa. Niliikata yote kwa mkasi uliosafishwa kwa pombe, nikabakiza ile michache iliyokuwa bado ngumu na ya rangi ya maziwa, nikaupanda katika udongo mpya.

Kabla ya kueleza udongo huo, afadhali tujue mmea huu unatoka wapi, kwa sababu kanuni zote za kuutunza zinatoka huko. Maranta leuconeura ni mmea wa misitu ya Brazili. Huota chini kabisa, mahali ambapo jua hufika limechujwa na miti, hewa ina unyevu, na udongo ni majani yaliyooza, mepesi, yasiyotuamisha maji. Aliyeueleza kwa jina hilo mwaka 1874 ni Mbelgiji, Édouard Morren wa Liège. Maranta linamkumbuka Bartolomeo Maranta, tabibu Mwitalia wa karne ya 16. Leuconeura ni Kigiriki: mishipa myeupe. Baadaye ilipatikana aina yenye mishipa myekundu, ikaitwa erythroneura, kwa hiyo jina lake kamili linasema "maranta ya mishipa myeupe ya mishipa myekundu", na hakuna mtu anayelalamika. Aina ya mama yetu, yenye mabaka meusi, ni kerchoveana.

Brazili ni mbali, lakini ukoo huu tunao. Kisangani tulikula kwanga na samaki wa liboke vikiwa vimefungwa kwa majani mapana ya mangongo. Hayo ni ya mimea ya jamii hiyohiyo ya maranta, inayojaa chini ya msitu wetu wa ikweta. Wambuti wa Ituri huezeka vibanda vyao kwa majani ya namna hiyo. Ukipata jani bichi la mangongo lenye kikonyo chake, papasa juu ya kikonyo: kiungo kile kile kipo. Mama aliyafahamu mangongo tangu utoto, na nadhani ndiyo sababu maranta haikumsumbua. Aliiweka barazani, kivulini, mvua ikafanya kazi iliyobaki.

Lubumbashi si Kisangani. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua karibu haipo. Hewa hukauka hadi midomo ya watu kupasuka. Vumbi jekundu huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kwa maranta, huo ndio mtihani.

Hewa, kwa hiyo, ndiyo inayohitaji kazi kubwa zaidi. Watu wengi hupulizia majani maji kwa chupa. Haidhuru, ila baada ya dakika chache hewa inakuwa kavu kama mwanzo. Kilichonisaidia mimi ni sahani pana yenye changarawe na maji, chungu kikikaa juu ya changarawe bila kugusa maji. Maji yale huvukiza polepole kuzunguka majani. Kusogeza mimea kadhaa pamoja pia kunasaidia, kwa kuwa kila mmoja hutoa mvuke. Mwenye chumba cha kuogea chenye dirisha ana bahati kuliko sisi wa bwenini. Na mbabula isikae karibu: joto lake ni kavu na moshi huziba majani. Hata wewe mwenyewe usilale na mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua watu kila msimu wa baridi.

Baridi ni suala jingine. Maranta hupenda joto la kati ya digrii 18 na 27, na chini ya 15 huanza kuumia. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa hapa unaweza kushuka chini ya digrii 10 nje. Usiku uondoe chungu dirishani, jani lisiguse kioo.

Kuhusu mwanga, vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema dirisha la kaskazini ndilo salama. Ukivifuata hapa utaunguza mmea. Sisi tuko kusini mwa ikweta: wakati wa kiangazi jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mpole. Mwishoni mwa mwezi wa kumi jua huvuka vichwa vyetu na kuhamia kusini hadi kama katikati ya mwezi wa pili, na hapo utageuza mpango. Njia rahisi ni pazia jepesi, au kuweka chungu hatua mbili kutoka dirishani. Jua kali likipiga moja kwa moja, mabaka hufifia na kingo hukauka. Giza likizidi, mashina hurefuka ovyo na mwendo wa jioni hupungua.

Udongo uwe wa kushika unyevu na kupitisha maji. Bulongo mwekundu wa uani peke yake haufai, hugandamana kama tofali. Mimi huchanganya sehemu mbili za majani yaliyooza, niliyochota chini ya mwembe, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, na konzi moja ya makala yaliyopondwa. Chungu kiwe na matundu chini. Kisiwe kirefu mno, kwa kuwa mizizi ya maranta haiendi chini sana.

Sasa maji yenyewe. Ingiza kidole hadi kifundo cha kwanza. Kukiwa kukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uyamwage yale ya kwenye sahani. Kukiwa na unyevu, ondoka. Msimu wa mvua inaweza kuwa mara mbili kwa wiki. Wakati wa baridi mara moja au pungufu. Maji ya mvua ndiyo bora, na mwenye busara hujaza bidoni mbili tatu mwezi wa tatu na kuzifunika vizuri, mbu wasizae humo. Maji ya bomba huwa na klorini na chumvi ambazo hujikusanya kwenye ncha za majani na kuzikausha. Kuyaacha usiku kucha katika ndoo wazi hupunguza klorini, lakini chumvi hubaki. Mbolea sina mengi ya kusema: kidogo, iliyozimuliwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, na katika miezi ya joto tu.

Nilichojifunza kwa taabu ni kutofautisha ishara. Kusimama kwa majani jioni si ujumbe kwa mtunzaji. Ujumbe uko kwingine. Jani likijikunja kwa urefu kama sigara mchana, hapo ndipo kiu au hewa kavu. Ncha za kahawia zenye ukingo mwembamba wa manjano: hewa au chumvi ya maji. Majani ya chini kuwa manjano na laini huku udongo ukiwa umelowa: umemwagilia kupita kiasi, nawe usingoje, fukua mizizi. Vidoa vyeupe vidogo sana na utando kama wa buibui chini ya jani: utitiri, ambao hupenda ukavu wa kiangazi; osha majani pande zote kwa maji yenye sabuni kidogo, urudie baada ya siku kadhaa. Jani moja kuukuu likinyauka peke yake, liache life, hiyo ni kawaida. Tatizo la ishara hizi ni kwamba manjano ya maji mengi na unyong'onyevu wa maji machache hufanana kwa mbali. Kinachozitenganisha ni udongo. Sisi husema katika darasa la semantiki kwamba neno halisomwi nje ya muktadha. Jani nalo usilisome kabla ya kutia kidole chunguni.

Jina la Kiswahili bado hatuna. Rafiki mmoja alipendekeza "mwombaji", lakini huyo ni mtu, na pia ni ombaomba wa barabarani. Mwingine alitunga "mlalajioni", lenye m- ya miti, jambo linalonipendeza, ingawa yaya alicheka sana aliposikia. Kwa sasa ninaandika maranta, kama tunavyoandika redio.

Mmea wa mama haukupona wote. Katikati ya mwezi wa tano shina kubwa lilioza. Nilibaki na matawi mawili, kila moja lina kifundo ambapo jani hutokea. Nilikata chini kidogo ya kifundo, nikayaweka katika gilasi ya maji ya mvua, kifundo kikiwa ndani, majani yakiwa nje, nikawa ninabadilisha maji kila siku ya tatu. Maranta hukubali hili kwa urahisi. Mahali penye joto mizizi hutoka ndani ya wiki chache. Katika baridi yetu ilichukua karibu wiki saba, na nisingeshauri mtu aanze wakati huo kama hana lazima. Mwezi wa tisa, joto linaporudi, ndio wakati wake, na ndio wakati pia wa kugawa chungu kilichojaa kwa kutenganisha mashina pamoja na mizizi yake.

Yaya anakuja mwezi wa kumi. Vyungu ni viwili sasa, kimoja chake. Jana, saa kumi na mbili na nusu jioni, umeme ulikatika bwenini, nikawasha taa ya simu kutafuta mshumaa. Katika chungu chake, majani matatu kati ya manne yalikuwa yamesimama. Nilitia kidole katika udongo. Ulikuwa na unyevu, nikauacha.