Hesabu ya Simu Katika Nchi ya Dodoma: Kwa Nini Huyu Android na Yule iPhone

Jumamosi, mnada wa Msalato unapochangamka, mfugaji anayeuza beberu na mnunuzi aliyetoka mjini huishia kwenye jambo moja: malipo yanapita kwenye simu. Mfugaji anachomoa itel ndogo iliyofungwa kamba shingoni, au Tecno iliyopasuka kona ya kioo. Mnunuzi, pengine mtumishi wa wizara aliyehamia Dodoma na ofisi yake, anatoa iPhone. Kila mmoja anaijua menyu yake, nyota, namba na reli. Ujumbe unaingia, mnyama anafunguliwa kamba. Kwa kazi hiyo simu zao ni sawa kabisa.

Kwingineko zinaachana mbali. Takwimu za StatCounter, zinazopima simu zinazotumika kuingia mtandaoni, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Android ya Google inaongoza Tanzania kwa mbali sana, na iPhone ya Apple inafuata ikiwa na kundi dogo lakini lenye kelele. Mjini jibu la haraka la tofauti hiyo ni hadhi: mwenye "macho matatu", yaani iPhone yenye kamera tatu mgongoni, ameshafika, na wengine bado wako njiani. Jibu hilo linawapunja watu wa pande zote mbili. Anayenunua simu kwa fedha ya alizeti, au kwa posho ya chuo aliyoibana miezi kadhaa, ameshapiga hesabu nyingi kabla hajafika dukani.

Hesabu ya kwanza ni chaji. Serikali inasema umeme umefika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kijiji ni kimoja na vitongoji ni vingi, na katika nyanda hizi kavu za Bahi, Chamwino, Manyoni na Mpwapwa nyumba zimetawanyika kufuata mashamba na malisho. Wapo ambao mpaka leo huacha simu kwenye kibanda chenye sola, wakalipa kidogo, wakaifuata jioni. Simu ya kuachwa namna hiyo haiwezi kuwa ile ambayo kila mpita njia anaitamani. Tena inatakiwa ikichajiwa leo, ifike kesho kutwa. "Inatunza chaji" ni sifa ambayo muuzaji wa simu mkoani huitaja mapema kuliko kamera, na itel na Tecno za bei ya chini zilijengwa kwa kuijua sifa hiyo.

Hesabu ya pili ni laini. Mtu mmoja huwa na Vodacom kwa ajili ya M-Pesa, Airtel kwa ajili ya bando, na Halotel, iliyoanza huduma nchini mwaka 2015, kwa sababu nyumbani kwa mama ndiyo inayoshika. Mei 2023, hapa hapa Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Idadi hiyo inaonyesha jinsi maeneo yenye mtandao hafifu yalivyokuwa mengi. Mwenye kusafiri kutoka Kibaigwa kwenda ndani ya Kongwa hawezi kutegemea mtandao mmoja.

Sasa iPhone kwa zaidi ya miaka kumi, tangu ilipoingia sokoni mwaka 2007 hadi mwaka 2018, ilikuwa na nafasi ya laini moja tu. Toleo la XS ndilo lililoleta laini ya pili, tena kwa wengi ikiwa eSIM, laini isiyo na kadi. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina hata kitundu cha kadi. Mtumiaji wa mjini anaweza kwenda kwenye duka la mtandao wake akaunganishwa eSIM. Lakini fikiria simu imezima ukiwa njiani kuelekea Itigi. Mwenye kadi huichomoa, akaiweka kwenye kitochi cha jirani, simu ndogo ya vitufe, akapiga simu na kutoa hela. Mwenye eSIM anasubiri umeme.

Kampuni iliyosoma maisha haya vizuri kuliko zote ni Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang. Tecno, itel na Infinix zote ni zake. Kwao China simu hizo hazijulikani sana. Soko lao ni huku, na kwa miaka ya karibuni takriban nusu ya simu janja zinazoingizwa Afrika zimekuwa zao. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia. Wakati kampuni nyingine zikiona laini mbili kuwa jambo la pembeni, yenyewe iliziweka kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Kamera zake zilifundishwa kuitambua sura ya mtu mweusi kwenye mwanga hafifu kwa kufuata macho na meno, wakati picha za simu nyingine usiku zilikuwa zikitoa kivuli chenye nguo. Anayesema watu wanaipenda Tecno kwa sababu ya urahisi wa bei tu, anasahau kwamba watu hupenda pia kitu kilichotengenezwa kwa kuwafikiria wao.

Halafu kuna redio. Simu nyingi za bei nafuu za Android zina redio ya FM: unachomeka waya wa masikioni unaofanya kazi ya antena, unasikiliza TBC Taifa, taarifa ya habari, Bunge au mpira wa Simba na Yanga, bila kutumia hata senti ya bando. iPhone haijawahi kuwa na kitu hicho. Kwa anayeshinda juani akilinda uwele usiliwe na ndege, au akifuata ng'ombe, redio isiyokula bando ni sababu tosha ya kuchagua simu. Memori kadi nayo ni hivyo hivyo. Kwenye vibanda vya Sabasaba na Majengo mjini Dodoma bado kuna vijana wanaojaza nyimbo na filamu zilizotafsiriwa kwenye kadi, mteja akaondoka na burudani ya mwezi mzima mfukoni. Kitundu cha kadi hiyo hakipo kwenye iPhone yoyote. Hata mtindo wa kurushiana vitu kwa programu ya Xender, bila intaneti, ulikolea kwenye Android, na mwenye iPhone akawa mara nyingi ndiye anayekosa wimbo uliozunguka bweni zima.

Uhuru huo wa Android una upande wake mchungu. Ni rahisi kuingiza programu ambayo haikupita kwenye duka la Google, na vijana wengi wana WhatsApp ya "GB", isiyo rasmi, inayowaonyesha hata ujumbe uliofutwa. Wanajua kwamba WhatsApp yenyewe huwafungia wanaoitumia, na bado wanairudia. Kupitia mlango huo huo ziliingia programu za mikopo zilizokuwa zikisoma orodha ya namba za mkopaji na kuwatumia ndugu, wakwe na mabosi wake ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yalikuwa yakifanya kazi bila leseni. Watu walidhalilishwa kwa deni dogo, na wengi hawakujua kwamba ile ruhusa ya kusoma namba waliitoa wenyewe siku ya kwanza kwa kubonyeza kitufe.

Panda sasa kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hasa wakati wa mahafali. Hapa iPhone inaongea kwa sauti. Mwenye kupiga picha za mahafali, mshereheshaji wa harusi, binti anayeuza vitenge na wigi Instagram, wote hawa wanaihitaji kamera ambayo video yake haiharibiki inapopandishwa mtandaoni. Wanasema waziwazi kwamba picha ndiyo duka lao. Wana pia hoja nyingine, ambayo wanaoibeza iPhone hawaisikilizi: inauzika. iPhone ya miaka 3 bado ina thamani. Mwenye nayo huibadilisha kwa kuongezea hela, akachukua toleo la mbele. Infinix mpya kutoka kwenye boksi ikishatumika mwaka mmoja, anayeiuza hupokea fedha kiduchu. Kwa hiyo mwanafunzi anayenunua iPhone iliyotumika amenunua simu, na pia ameweka akiba kwenye kitu anachoweza kukigeuza pesa ada ikibana.

Nyingi ya iPhone hizo ni mtumba kutoka Dubai, Uingereza na Marekani, zinazopitia Kariakoo, mtaa wa Aggrey na jirani zake. Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, mfanyabiashara anaweza kwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi na mzigo usiku. Mnunuzi anayejua kazi haishiki simu kwa kuipapasa mgongo. Anabonyeza *#06#, anasoma namba 15 za IMEI, yaani utambulisho wa simu, anazituma kwenda 15090 kuhakiki. Watu hawajasahau usiku wa Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchi nzima na wengi wakaamka na kipande cha plastiki mkononi. Kisha anafungua mipangilio, anatazama afya ya betri, asilimia 78 au 91, na bei inashuka au kupanda hapo hapo. Mwisho anaomba simu ifutwe yote na kuwashwa upya mbele yake. Ikidai barua pepe ya mtu asiyejulikana, imefungwa iCloud. Ulinzi huo wa Apple ulianza mwaka 2013, na simu iliyofungwa hivyo haina kazi ila kuchinjwa vipuri.

Kinachoumiza zaidi ni umri wa programu, kwa sababu hauonekani kwa macho. iPhone 6 ya mwaka 2014 na 6s ya mwaka 2015 zinafanana kama pacha. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizofikia iOS 15.1. 6s ilikuwa imefikishwa huko na Apple, 6 ilikuwa imeishia iOS 12. Aliyenunua 6 kwa kufuata alama ya tufaha alibaki na kamera na saa. Hata hivyo, ukipima kwa haki, Apple huitunza simu kwa miaka mingi kuliko wengi: 6s ilipokea mfumo mpya hadi miaka 6 baada ya kutoka, jambo ambalo Android nyingi za bei nafuu hazilioni kabisa, kwani hubaki na toleo lile lile ambalo zilikuja nalo kwenye boksi.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha madukani: lugha. Android hukubali kugeuzwa yote kuwa Kiswahili, kuanzia "Mipangilio" mpaka onyo la betri. Tangu Agosti 2017 kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kusemwa na kukiandika. Mtu mzima wa Mvumi ambaye vidole vyake havijazoea herufi ndogo anaweza kumwambia mwanawe aliyeko Mwanza kwamba mvua imenyesha, maneno yakajiandika. iPhone ina kibodi ya Kiswahili, lakini menyu zake hazijatafsiriwa, na Siri haizungumzi nasi. Kampuni tajiri namna ile, lugha yenye wasemaji wa nchi kadhaa, na tangu 2007! Hili ni pengo la aibu, na wateja wa Apple wa Afrika Mashariki wana kila sababu ya kulidai lizibwe.

Kwa wengi wanaotoka kwenye kitochi kwenda simu janja, uchaguzi hufanyika kabla hawajapata nafasi ya kupenda chochote. Serikali ilijaribu kusaidia: katika bajeti ya 2021/22 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, kwenye simu janja, lengo likiwa intaneti itumiwe na asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2025. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Kodi ikarudi, na pengo likajazwa na simu za mkopo. Dereva wa bodaboda anatanguliza kiasi kidogo, anaondoka na simu, analipa kila siku au kila wiki. Akichelewa, simu inajifunga mpaka alipe. Ufungaji huo hufanyika kwa programu ya mkopeshaji iliyokaa ndani ya mfumo, na kwa sehemu kubwa simu zinazotolewa hivyo ni Android.

Kwa dereva huyo simu ndiyo inayoleta abiria, inayopokea nauli na inayoonyesha njia ya Ihumwa au Mtumba asikozoea. Ikifungwa asubuhi, anapoteza kipato kile kile alichokitegemea kulipia deni. Mkataba aliousaini dukani akiwa amesimama unapaswa kumweleza, kwa Kiswahili na kabla hajatoa shilingi ya kwanza, jumla atakayolipa, siku za kuchelewa anazovumiliwa, na mwaka ambao simu hiyo itaacha kupokea masasisho.