Kifaa cha sikioni kinatibu sonona? Soma kabla hujanunua

Huenda umeona tangazo la kifaa kidogo kinachobanwa sikioni, kinachoahidi kuondoa sonona bila dawa. Wagonjwa na wazazi wananiuliza kama wanunue. Kabla hujatoa fedha, elewa kinavyofanya kazi.

Mwili unapohisi hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kotisoli. Sukari huongezeka kwenye damu na moyo hudunda haraka. Hatari ikipita, mwili unapaswa kutulia. Kwa baadhi ya wenye sonona hali hiyo haizimiki vizuri: kotisoli hubaki juu, usingizi hukatika alfajiri na uchovu hauishi.

Hapo ndipo inapoingia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kupita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ni kama breki ya mwili, kwani hupunguza kasi ya moyo. Tawi lake dogo hufika kwenye ngozi ya sikio, na hapo ndipo kifaa hupitisha umeme mdogo bila upasuaji.

Wazo hili lina msingi wa kitabibu. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuunganishwa na neva hiyo shingoni, kwa watu wazima wenye sonona sugu ambao dawa kadhaa hazikuwasaidia. Vifaa vya sikioni bado vinachunguzwa. Tafiti ndogo zimeonyesha nafuu kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ushahidi hautoshi kuvifanya mbadala wa tiba.

Kwa hiyo, usiache dawa ulizoandikiwa. Dawa za sonona huhitaji wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na kuziacha ghafla kunaweza kukurudisha nyuma. Kama umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au ni mjamzito, usijiwekee umeme bila kumwona daktari. Mzazi, usimjaribishie mwanao.

Lipo zoezi la bure la kuutuliza mwili: vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano. Linasaidia, ila haliponyi sonona.

Na kama wewe au mwanao ana mawazo ya kujiua, msisubiri kifaa wala siku ya kliniki. Nendeni hospitali leo, na mgonjwa asiachwe peke yake.